Diski Bado Nyekundu

Jumapili, 29 Septemba. Nachingwea

Arobaini ya Mjomba Kaimu imekwisha leo, na mgao umefanyika kabla masufuria hayajaoshwa. Kwetu mali ya mtu huelekea kwa watoto wa dada zake, na jina lake vilevile. Jina amepewa kaka yangu Masoudi. Amekalishwa mkekani, shehe akasoma dua, wazee wakamtangaza, na kuanzia saa saba mchana yeye ndiye Kaimu. Mama aliyemzaa sasa anamwita "kaka". Masoudi amevimba kichwa mpaka kofia inambana.

Mimi nimepewa kompyuta ya steshenari ya Mjomba. Wazee wamesema, "Tunu alikuwa mpiga chapa Mtwara miaka kumi na miwili, anajua kubonyeza." Hakuna aliyeniuliza kama naitaka. Ila kusema kweli naitaka. Ofisi niliyokuwa nafanya kazi ilifungwa mwezi wa tano, na tangu nirudi kwa Mama nakaa kama mgeni anayesubiri kukaribishwa maji. Nimekwisha ongea na Yasmini, mwenye fremu pale Ruangwa jirani na stendi. Atanishikia chumba kimoja hadi tarehe 30 Novemba, na hatazidisha hata siku moja. Ruangwa kuna machimbo, kuna wageni, kuna watu wenye barua za kuandikiwa. Nachingwea nimeichoka na mwaka haujaisha.

Jumanne, 1 Oktoba

Nimeiwasha saa mbili kamili. Nikaenda kununua vitumbua, nikarudi, nikala, nikanawa. Ilikuwa bado inazungusha kile kiduara chake. Imefunguka saa mbili na nusu na dakika tano, ikakaa kidogo, ikazima yenyewe.

Jumatano, 2 Oktoba

Imezima mara nne. Nimeitukana mara tano.

Alhamisi, 3 Oktoba

Leo nimeona tumbo lake. Yarabi! Kuna programu tatu za kuua virusi na zote zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Kuna kidirisha kinachojitokeza kila dakika kunipongeza kwa kushinda gari. Flashi za wilaya nzima zimepita kwenye mashine hii na kila moja imeacha maradhi yake.

Kazi za watu ziko kwenye diski ya pili. Mjomba hakupanga kitu, ametupia mamia ya folda mahali pamoja, kila moja na jina la mtu na kijiji chake: TUNU KIEGEI (siye mimi), HARITHI NAMBAMBO, HAJRA LIONJA. Humo ndani kuna picha za pasipoti na barua tangu mwaka 2011. Kila folda ina kamshale kadogo kwenye kona, nadhani Mjomba alipenda mapambo. Ukifungua moja tu, mashine inaganda kama robo saa.

Mstari unaoonyesha nafasi ya diski hiyo umejaa hadi mwisho na umekuwa mwekundu. Mwanamume huyu hakuwahi kutupa kitu maishani mwake. Hata kwenye mtoto wa meza nimekuta kalamu thelathini zilizokauka wino, zimefungwa mpira vizuri.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimefanya usafi. Nimegundua majina yamejirudia: kuna ZULFA KIEGEI na kuna ZULFA KIEGEI 2. Kuna RASHIDY LIONJA na RASHIDY LIONJA 2. Rashidy namjua, ndiye bodaboda anayeegesha mbele ya steshenari, ana fulana ya njano na mdomo usiopumzika. Mtu amepiga picha mara mbili, Mjomba akamfungulia folda mbili. Kufungua zote nilinganishe sura ningemaliza Ramadhani ijayo. Nimeamua moja: yenye namba 2 ndiyo mpya, inabaki. Ya zamani inatoka. Nani anataka sura yake ya miaka sita iliyopita?

Zimetoka sitini na moja. Kisha nimemwaga na pipa la taka lenyewe, nikasikia ule mlio wa karatasi ikikunjwa, nikajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

Diski bado nyekundu. Haikupungua hata unywele.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimefuta tena, vikorokoro tu. Bado nyekundu. Ni ukaidi, hakuna jina lingine.

Jumamosi, 12 Oktoba

Ngoja niandike kama ilivyokuwa.

Saa nne amekuja mama mmoja mtu mzima, mwembamba, viatu vya plastiki mkononi ili visichafuke, miguu imejaa vumbi la Lionja. Nimemwamkia.

"Marahaba. Wewe mtoto wa Mwamina?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu kiti."

"Mimi Sabaha. Kaimu alisema, njoo ufuta ukishauzwa, wino wa rangi utakuwa umefika. Ufuta umeuzwa. Kaimu ndio hayupo." Akakaa. "Nataka picha ya Rashidy. Mwanangu."

Nikacheka kwa furaha ya kumaliza kazi haraka. "Rashidy wa bodaboda? Huyo ninaye hapa hapa." Nikafungua RASHIDY LIONJA 2, tukasubiri ile robo saa yake, sura ikatokea: meno yote nje, fulana ya njano. Nikamgeuzia kioo aone.

Aliangalia kwa muda mrefu, kwa adabu, kama mtu aliyeandaliwa chakula asichokula.

"Huyu Rashidy wa sasa," akasema. "Mtoto wa mdogo wangu. Huyu amerithi jina. Mimi nataka wangu."

Mwanawe Rashidy alianguka kutoka juu ya lori la korosho mwaka 2019, akiwa na miaka kumi na tisa. Mwaka mmoja kabla, Mjomba alimpiga picha za fomu ya mtihani wa kidato cha nne. Zilitoka nne, tatu zikaenda shule na hazikurudi. Ya nne mama aliiweka sandukuni, mchwa wakala sanduku na vilivyomo. Iliyobaki ilikuwa kwenye kompyuta ya Mjomba.

"Nikifumba macho nimwone," akasema, "anakuja huyu wa pikipiki. Kila siku naita Rashidy, huyu anaitika. Sura ya mwanangu inaondoka. Nataka niishike kabla haijaondoka yote."

Nikaikumbuka ile folda isiyo na namba. Nikasema nini? Nikasema, "Mashine inasumbua, mama. Njoo Jumamosi."

Jumapili, 13 Oktoba

Sikulala vizuri, na asubuhi nimemvamia Rashidy kabla hajafuta umande kwenye kiti cha pikipiki. Nimemuuliza kuhusu zile namba mbili.

"Dada Tunu, hilo mbona liko wazi? Mtu wa kawaida akirudi kupiga picha, marehemu alikuwa anamwekea mulemule kwenye folda yake. Namba mbili alitupa sisi tuliorithi majina. Aliniambia kabisa, wewe nakuandika wa pili, wa kwanza simgusi."

Kwa hiyo wale sitini na mmoja niliowafuta wote ni marehemu. Nimefuta marehemu wa Lionja, Kiegei na Nambambo, nikaacha warithi wao, na nikajisikia mwepesi. Ningekuwa nimezaliwa Arusha ningejisamehe. Lakini wiki mbili zilizopita nimemwona kaka yangu mwenyewe akikalishwa mkekani na kupewa jina la mtu, nikala na pilau. Mtu wa hapa hakosi kulijua hilo. Nimeona haya mpaka masikio yamepata moto.

Rashidy aliendelea na habari zake. "Mimi shuleni nilikuwa Amri. Miaka mitano hakuna aliyeniita Amri. Mama mkubwa ananipikia, ananiombea, freshi tu. Ila kuna siku ananiangalia halafu analia, na mimi nimekuja kuleta unga tu, dada yangu."

Nimempigia simu Gaudens, fundi wa Ruangwa aliyekuwa akimhudumia Mjomba. Amenikemea utadhani mimi ni mwanafunzi wake. "Izime sasa hivi! Kilichofutwa hakiondoki siku hiyohiyo, kinakaa palepale mpaka kingine kije kikalie mahali pake. Kila barua utakayoandika inaweza kumfukia mtu wako." Yeye mwenyewe yuko kambini machimboni anafunga mitambo, hatoki mpaka tarehe 27 Novemba.

Nimeizima. Nimeifunika na kanga ya Mama.

Jumatano, 16 Oktoba

Fundi wa hapa sokoni amekuja kuitazama. Hata kanga hakuiondoa vizuri, akasema ni kupiga windo upya, afute kila kitu aweke mfumo mpya, saa moja tu. Nimemfukuza.

Jumamosi, 19 Oktoba

Bi Sabaha amekuja. Nimesema bado natafuta.

Alhamisi, 24 Oktoba

Msimu wa korosho umechanganya. Mji mzima unanuka mabibo na magunia mapya. Watu wanakuja: andika hiki, toa nakala ya kile, piga picha. Nawarudisha wote. Mama anasema, "Kompyuta yenyewe unaifunika kama maiti, ungewaachia watoto wa mjomba wako wakaangalie katuni." Sijamwambia mtu. Nimezunguka chumba hiki mpaka sakafu inanijua. Nimefua mapazia ya steshenari ambayo hayakuwa machafu.

Nimeiwasha kidogo tu, kuangalia. Bado nyekundu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Amekuja, ameleta mihogo. Nimesema bado natafuta. Mihogo nimeipokea, ndivyo nilivyo sasa.

Jumamosi, 2 Novemba

Amekuja. Amesema mwanawe alikuwa na alama mahali fulani usoni, karibu na jicho, lakini hakumbuki tena ni jicho lipi. Akanishika mkono, akaniuliza mimi, kana kwamba nilimwona. Nimesema bado natafuta.

Jumapili, 3 Novemba

Nilikuwa nikimlaani Mjomba kwa uchafu wake. Leo nimefikiri upya. Miaka kumi na tatu watu wamekaa kwenye kile kiti cha mbao, wakanyoosha shingo, wakaambiwa usicheke, na yeye hakumtupa hata mmoja. Zilipokuja siku za kumrithisha mtu jina, alijua. Alikuwa akienda kwenye arobaini za watu kuliko shehe, na sisi nyumbani tukisema anafuata pilau. Mimi nilikuwa Mtwara, nikija Iddi tu, nikimcheka kwa shati lake lenye madoa ya wino.

Jumamosi, 9 Novemba

Sikumsubiri aje. Nimepanda pikipiki ya Rashidy asubuhi mapema mpaka Lionja, nimwambie kabla sijanenepa kwa mihogo ya uongo.

Tumemkuta mikoroshoni amekaa juu ya gunia, anakongoa korosho kwenye mabibo. Mikono yake inafanya kazi peke yake: inashika, inazungusha, korosho kwenye ndoo, bibo kwenye lundo. Nyuki wamejaa. Rashidy akaenda kuokota upande wa pili, nikashukuru.

Nimemwambia yote. Nimesema niliona majina mawili, nikadhani ni mtu mmoja, nikafuta la kwanza. Nimesema nimemdanganya Jumamosi nne.

Mikono haikusimama. "Umemfuta."

"Nimemfuta, mama. Bila kujua."

"Na wengine?"

"Sitini na mmoja kwa jumla."

Akashika bibo jingine, akazungusha. "Majina yao usiniambie. Wengine ni ndugu zangu." Halafu akasema, "Kaimu alikuwa anajua watu. Wewe hukuwepo."

Hakusema kwa ukali. Ningefurahi angesema kwa ukali. Nilipiga magoti kuomba radhi, akaniambia nyanyuka, utachafua nguo, utomvu wa bibo hautoki. Nikamwambia habari ya Gaudens, kwamba pengine kuna programu ya kufufua vilivyofutwa, na kwamba sitaki kumpa tumaini la bure. Akasema, "Nipe tu. Sina kingine cha kungojea."

Nikakaa nikamsaidia kukongoa hadi adhuhuri. Kucha zangu zimekuwa nyeusi. Njiani kurudi Rashidy hakufungua mdomo, na hilo sijawahi kuliona.

Jumapili, 10 Novemba

Utomvu kweli hautoki.

Jumamosi, 16 Novemba

Nilijua hatakuja tena. Saa nne nimeona viatu vya plastiki mlangoni.

"Sikuja kuuliza," akasema. "Nimekuja kukaa nayo." Akavuta kiti karibu na kompyuta iliyofunikwa kanga, akakaa. Mimi nikakaa upande wangu. Kufika saa sita akaaga. Sijui kwa nini, lakini ndiyo asubuhi pekee mwezi huu ambayo sikuinuka inuka.

Ijumaa, 22 Novemba

Yasmini amepiga simu. Kuna mtu wa nguo za mtumba anakitaka kile chumba. "Tunu, mimi na wewe ni marafiki, lakini Jumamosi tarehe thelathini nikikuta chumba kitupu, nampa yeye." Nimemwapia kwamba nitakuwepo na mashine itakuwa mezani inawaka. Hilo nimelisema kwa nguvu, kwa sababu nalitaka kwa nguvu.

Mawingu yamekaa upande wa Kiegei tangu juzi, hayanyeshi wala hayaondoki. Wenye korosho zao uwanjani hawalali.

Jumanne, 26 Novemba

Umeme umekatika tangu jana. Joto. Nimegombana na Masoudi kwa kumwita Masoudi.

Alhamisi, 28 Novemba. Ruangwa

Nimekuja na gari la asubuhi, sipiyu nimeipakata imefungwa kanga mbili. Jirani yangu kwenye kiti ameniuliza mtoto ana miezi mingapi.

Gaudens ana kibanda nyuma ya stendi, kijana mrefu, anaongea kuliko Rashidy na anajisifu kuliko kaka yangu. Amefungua sipiyu, akapuliza vumbi, akacheka. "Dada, chuma hiki mzee wako alikitesa. Mimi nakipigia windo mpya, nakifuta chote, kesho kinawaka kama cha dukani." Nikamwambia kwanza watu wangu. Akaunganisha ile hadidiski kwenye mashine yake, akaiwekea programu ya kufufua, mstari ukaanza kutembea.

Umetembea saa tatu. Mimi nimetembea nao, mlangoni na kurudi, mpaka mama ntilie wa jirani akaniuliza kama nina uchungu wa kuzaa.

Ulipofika mwisho Gaudens alikuna kidevu. Ilikuwa imefufua vitu sitini na moja, na majina ni yale yale, ZULFA KIEGEI, RASHIDY LIONJA. Lakini kila kimoja kilikuwa kidogo mno, hakitoshi hata kuhifadhi kucha ya mtu kwenye picha, achilia mbali uso. Akakifungua cha Rashidy, hakikuwa na kitu.

"Zimebaki maganda," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Pole, dada. Kilichokuwemo kimekwenda. Nipige windo? Ukisema ndiyo sasa, keshokutwa asubuhi unafungua fremu yako."

Nilimwona Bi Sabaha amekaa kwenye kile kiti. Niliiona pia fremu, safi, mlango wa bluu, jina langu juu yake. Kwa hasira tu, kama mtu anayemtukana punda aliyekwisha kumpiga teke, nikasema, "Piga! Lakini niambie kitu kimoja. Nimefuta na kufuta, na sasa miezi miwili inakaribia. Kama kweli zimekwenda, kwa nini diski hii haikupungua hata siku moja? Kwa nini bado nyekundu?"

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kibodi. Akakiondoa.

"Haikupungua?"

"Hata unywele."

Akafungua ile diski, akaangalia zile folda zilizobaki. Akasogeza uso karibu na kioo. "Hivi vimishale kwenye kona vipo tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mapambo ya Mjomba."

Gaudens aliniangalia, halafu akacheka mpaka akashika meza. "Mapambo! Dada Tunu, hicho ni kirusi cha flashi. Kinazificha folda zako za kweli, mahali pake kinaweka vibango tu vya kukuonyesha njia. Wewe ulifuta vibango. Nyumba hukuzigusa!"

Akaenda mahali fulani kwenye mipangilio, akaweka tiki moja, kwamba vilivyofichwa vionekane.

Zikatokea. Zilikuwa zimefifia, kama kitenge kilichoanikwa juani mwaka mzima, lakini zilikuwepo, zimejipanga kwa herufi, hakuna aliyekosekana. Zulfa wa kwanza wa Kiegei. Harithi wa kwanza wa Nambambo. RASHIDY LIONJA, bila namba. Akaibofya, na kwenye mashine ya Gaudens haikuchukua hata sekunde.

Kijana mwembamba, shati jeupe la shule limefungwa hadi kifungo cha juu, anajizuia asicheke kwa sababu ameambiwa asicheke. Alama iko chini ya jicho la kushoto.

Nimelia palepale kibandani, bila aibu, na mama ntilie akaja na maji akidhani sasa nimejifungua.

Ijumaa, 29 Novemba. Ruangwa

Kuhamisha kila kitu kwenye diski nyingine, kuua kirusi, kupiga windo, kurudisha watu mahali pao: Gaudens anasema siku tatu, akiharakisha ataua kitu. Njia fupi ni kufuta yote leo, nibaki na picha moja ya Rashidy, na kesho nifungue fremu. Nimeifikiria njia hiyo. Naiandika hapa ili nisije nikasema baadaye kwamba sikuifikiria.

Nimemwambia ahamishe wote.

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua ya kwanza imeshuka tangu alfajiri. Nimempitia Yasmini, chumba kina mabegi ya mitumba hadi darini. Amesema pole. Nimesema haidhuru, nikatoka, na ilikuwa inadhuru sana. Nimekasirika njia nzima hadi Nachingwea, nimemkasirikia Yasmini, mtu wa mitumba, Mjomba, dereva, kirusi. Mashine imebaki kwa Gaudens, ila bahasha yenye picha ya Rashidy nimeikumbatia ndani ya nailoni mbili.

Bi Sabaha hakuja. Rashidy anasema mvua ikianza hivi watu wote wako shambani wanapanda. Kesho tutamfuata.

Jumapili, 1 Desemba. Lionja

Pikipiki imekwama mara mbili kwenye tope na tumeisukuma. Tumefika nimejaa matope hadi kiunoni, bahasha kavu.

Tumemkuta uani anachambua mbegu za mahindi kwenye ungo. Ameniona uso, akaweka ungo chini, akanawa mikono kwenye beseni, akaikausha kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja. Ndipo akanyoosha mikono.

Gaudens ameitoa picha kubwa, saizi ya daftari, akaiwekea plastiki ngumu isilowe wala isiliwe. Bi Sabaha aliishika kwa kingo. Nilitegemea atalia, nikawa nimejiandaa. Hakulia. Aliweka kidole chini ya jicho la kushoto, akakiacha pale.

"Kumbe alikuwa mdogo hivi," akasema.

Matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mabati.

"Mimi nilikuwa namkuza," akasema. "Kila mwaka namkuza, pamoja na huyu. Nimemwotesha ndevu. Kumbe amekaa tu hapa, mtoto."

Akaiangalia tena. Halafu akainua macho kule Rashidy aliposimama, kando ya pikipiki, amewapa mgongo watu wote, anakwangua tope kwenye gurudumu kwa kijiti. Nilijua anakwangua ili asiwepo.

"Amri," akaita.

Kijiti kiliendelea kukwangua. Nikaelewa kwamba amesikia, ila hakujua kwamba anayeitwa ni yeye.

"Amri, mwanangu. Njoo umwone kaka yako."

Ndipo akageuka.